Kushindwa Bila Shahidi: Hasira na Tuhuma katika Sataranji ya Mtandaoni

Katika mashindano ya Hastings, Uingereza, mwaka 1895, mchezaji wa Ujerumani Curt von Bardeleben aliona kwamba Wilhelm Steinitz amemfikisha mahali pasipo na njia ya kutokea. Aliinuka kimya kimya, akaondoka ukumbini na hakurudi. Hakumpa mpinzani wake mkono wala hakutamka kwamba ameshindwa. Aliiacha saa iendelee kutembea mpaka muda wake ukaisha. Steinitz, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepokonywa ubingwa wa dunia na Emanuel Lasker, alibaki kuwaonyesha watazamaji jinsi mfalme wa mpinzani aliyekimbia angefungwa hatua kwa hatua. Mchezo huo bado unahesabiwa miongoni mwa michezo mizuri zaidi katika historia ya sataranji, na von Bardeleben, aliyekuwa mchezaji hodari, anakumbukwa na wengi kwa namna alivyoondoka tu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wapo wanaoamini kwamba utovu wa nidhamu wa anayeshindwa umezaliwa na simu za mkononi na kizazi cha leo. Haukuzaliwa juzi. Kilichobadilika ni mazingira. Von Bardeleben aliondoka mbele ya ukumbi uliojaa watu wanaomfahamu, na sifa ya kitendo hicho ilimfuata hadi kaburini. Anayefanya hivyo leo kwenye jukwaa la mtandaoni la Chess.com, lililofunguliwa mwaka 2007, au kwenye Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, hujulikana kwa jina la akaunti alilojitungia, hucheza na mtu wa nchi asiyowahi kufika, na dakika moja baadaye huwa ameshapata mpinzani mwingine asiyejua lolote juu ya kilichotokea.

Malalamiko juu ya tabia hizi ni mengi, nami nayaunga mkono, ila naona tunatumia maneno mengi kwa makosa madogo na machache mno kwa kosa kubwa. Kuiacha saa itembee kunaudhi, na matusi yanachafua mchezo, lakini vitendo vyote viwili vinakiri kwa namna yake kwamba mtu ameshindwa. Hasira ile ni ushahidi wa kushindwa kwenyewe. Tuhuma ya udanganyifu inayotupwa hadharani bila ushahidi ni jambo la aina nyingine kabisa. Hiyo haikasirikii kushindwa, bali inafuta kushindwa kwenyewe: inasema kwamba mchezo haukuwapo, kwamba aliyeshinda hakushinda, na kwamba mwenye kusema ndiye aliyedhulumiwa. Tabia hiyo imeenea kutoka kwa mabingwa wa dunia hadi kwa watoto wanaojifunza kusogeza kete, na ndiyo ninayotaka kuichambua kwa kirefu. Hata hivyo, haieleweki vizuri bila kupitia kwanza zile zilizo nyepesi kuliko yenyewe.

Tuanze na saa. Mashindano makubwa ya London ya mwaka 1851 yalichezwa bila saa, na wachezaji waliokaa juu ya hatua moja kwa muda mrefu kupita kiasi walilalamikiwa sana. Saa za kimakanika zenye nyuso mbili zilianza kutumika katika mashindano ya London ya mwaka 1883. Saa basi iliingia katika sataranji ili kumlinda mchezaji dhidi ya mwenzake anayekalia muda. Mtandaoni silaha hiyo imegeuzwa. Katika mchezo wa dakika 10 kwa kila upande, mtu anaweza kupoteza malkia wake mapema huku akiwa na dakika 7 mkononi, akaweka simu pembeni na kumwacha mwenzake autazame ubao usiosogea. Mshindi hawezi kuondoka, kwa maana akiondoka na mwenzake akasogeza kete sekunde chache kabla ya muda kwisha, yeye ndiye atakayeishiwa na muda. Kwa hiyo kitendo hiki si kinyongo cha kimya tu. Ni mtego, na anayeutega anatumaini kwamba uchovu wa mwenzake utampa kile ambacho ustadi wake umemnyima.

Wenye majukwaa wamejitahidi kuziba mianya. Lichess humpa aliyeachwa peke yake nafasi ya kudai ushindi au sare baada ya muda mfupi, na anayejenga mazoea ya kukimbia au kuacha saa imalizike hufungiwa kucheza kwa muda, na kifungo hurefuka kadiri anavyorudia. Hatua hizo zinafaa, lakini zina mpaka wake, kwa sababu programu huona kwamba mtu ametoweka bila kujua ametowekaje. Katika Olimpiadi ya kwanza ya mtandaoni, iliyoandaliwa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, mwaka 2020, mchezaji mmoja wa Armenia alipoteza mchezo dhidi ya India baada ya muunganisho kukatika. Rufaa ikakataliwa, na Armenia ikajitoa katika robo fainali. Siku chache baadaye, katika fainali, ni Wahindi wawili waliopotea hewani na kuishiwa na muda kutokana na hitilafu ya intaneti, na FIDE ikaamua kuwapa India na Urusi medali ya dhahabu kwa pamoja. Ikiwa timu za taifa zenye mafundi na waamuzi zilifikwa na hayo, mchezaji wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura, ambaye umeme humkatikia katikati ya mchezo au bando likaisha akiwa amebakisha hatua tatu za kushinda, anastahili kudhaniwa mema kwanza. Anayetoweka mara moja huenda amekatikiwa. Anayetoweka kila anapopoteza ngome ndiye wa kulaumiwa.

Ni lazima pia tuseme yasiyo makosa, kwa sababu washindi nao wana tabia ya kugeuza kila kinachowachosha kuwa utovu wa nidhamu. Kuendelea kucheza mpaka mfalme afungwe ni haki kamili ya anayeshindwa. Wapo wanaoona ni dharau mtu asiye na malkia anapokataa kusalimu amri, lakini sheria za mchezo hazimlazimishi mtu yeyote kujitoa, na katika ngazi ya wachezaji wa kawaida michezo mingi iliyoonekana kwisha hugeuka, ama kwa kosa la mwenye nguvu, ama kwa mkwamo, yaani pale mfalme asiyeshambuliwa anapokosa mraba wa kwenda na upande wake ukakosa hatua nyingine yoyote, ambapo matokeo huwa sare. Mwanafunzi anayejitoa kila anapopoteza kete moja hajifunzi kamwe kujilinda. Vilevile, kumshinda mtu kwa muda, hata ukiwa umebakiwa na kete dhaifu, si hila. Pande zote mbili zilikubali idadi ya dakika kabla ya kuanza, na asiyetaka mwisho wa namna hiyo anaweza kuchagua michezo yenye sekunde za nyongeza kwa kila hatua, utaratibu ambao bingwa wa zamani wa dunia Bobby Fischer aliupigania na ambao ulitumika katika pambano lake la marudiano na Boris Spassky mwaka 1992. Kukataa mchezo wa marudio si kosa. Kunyamaza baada ya kushindwa si kosa. Anayeshindwa hana deni la tabasamu.

Swali la msingi ni kwa nini watu ambao ana kwa ana ni waungwana hubadilika wakiwa mbele ya skrini. Jibu la haraka ni kwamba jina la bandia huondoa aibu, na ni kweli, lakini halitoshi. Angalia drafti inavyochezwa kijiweni. Wanaocheza wamezungukwa na watu waliokaa, waliosimama na wanaosubiri zamu. Aliyefungwa huinuka akampisha mwingine, watazamaji humtania, yeye hujitetea kwa kelele, na baada ya michezo miwili amerudi kwenye benchi. Kushindwa kwake kumeshuhudiwa, kumetaniwa na kumekwisha. Utani ule, ambao kwa mgeni unaweza kuonekana kama fedheha, ndio unaomsaidia aliyeshindwa kupokea matokeo, kwa sababu kijiwe kizima kimeona pia alivyocheza vizuri kabla ya kuharibikiwa. Sataranji ya mashindano ina utaratibu wa aina yake wa kazi hiyohiyo: wachezaji hupeana mikono, husaini karatasi za mchezo na mara nyingi hukaa pamoja kuuchambua. FIDE inalichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba mwezi Januari 2008, huko Wijk aan Zee, Uholanzi, Ivan Cheparinov wa Bulgaria alipokataa kumpa mkono Nigel Short wa Uingereza kabla ya mchezo, mwamuzi alimpa Short ushindi. Baada ya rufaa waliamriwa kucheza, na Short akashinda tena, safari hii ubaoni.

Mtandaoni hakuna mkono, hakuna karatasi, hakuna benchi. Kuna ubao wa matokeo unaotokea ghafla na namba inayoshuka.

Namba hiyo inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya uchungu. Mfumo wa kukadiria nguvu za wachezaji uliasisiwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mwenye asili ya Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE iliukubali mwaka 1970. Majukwaa ya mtandaoni hutumia mifumo iliyotokana na kazi ya Mmarekani Mark Glickman, ambayo huongeza kipimo cha jinsi makadirio yenyewe yanavyoweza kukosea. Ni makadirio, na waliouunda mfumo walisema hivyo tangu mwanzo. Lakini namba inapokaa kando ya jina la mtu saa zote huacha kuonekana kama makadirio na kuanza kuonekana kama mali, na kila mchezo unaopotea huhisiwa kama wizi. Hali huwa mbaya zaidi kwa sababu ya jinsi wapinzani wanavyochaguliwa. Jukwaa humtafutia kila mtu mpinzani anayelingana naye, na maana yake ni kwamba ukiondoa sare, mchezaji aliyekwishafika kiwango chake atashindwa karibu nusu ya michezo yake, iwe ni anayeanza au ni grandmasta, mwenye cheo cha juu kabisa cha wachezaji. Anayecheza michezo 20 kwa jioni moja atashindwa kama mara 10, jioni baada ya jioni. Hakuna mchezaji wa zamani aliyewahi kushindwa kwa wingi huo, na hakuna utamaduni wa zamani uliotuandaa kwa hilo. Mtu anayedhani kwamba kushindwa nusu ya michezo ni dalili ya kuonewa atamtafuta aliyemwonea, na atampata.

Hapo ndipo tuhuma inapoingia. Ni lazima nikiri jambo moja kwa uwazi kabla ya kuendelea: udanganyifu upo. Programu ya kucheza sataranji iitwayo Stockfish hupatikana bure, na ikiwa ndani ya simu ya kawaida humshinda binadamu yeyote aliye hai, akiwamo bingwa wa dunia. Mwenye kutaka kudanganya anahitaji tu dirisha la pili kwenye skrini. Majukwaa hufunga akaunti za wadanganyifu kila siku na huwarudishia pointi waliodhulumiwa. Kuwa na shaka, kwa hiyo, si ugonjwa. Lakini shaka na tuhuma ni vitu viwili tofauti. Shaka ina mahali pake: kila jukwaa kubwa lina njia ya kuripoti mchezo kimya kimya, na wapo wataalamu wenye data ya mamilioni ya michezo wanaoweza kulinganisha hatua za mchezaji na zile za programu, muda anaotumia kwa hatua ngumu na rahisi, na historia yake yote. Mwenye shaka ya kweli hapotezi chochote kwa kuripoti na kunyamaza. Anayeandika kwenye kisanduku cha ujumbe kwamba mwenzake ni mwizi, au anayewaambia wafuasi wake hivyo, hatafuti ukweli, kwa sababu watu anaowaambia hawana uwezo wa kuuthibitisha. Anachotafuta ni watu watakaokubali kwamba hakushindwa.

Njia hii ilifunguliwa na wakubwa. Mwezi Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo, alishindwa na kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Baada ya mchezo wa pili alidokeza kwamba hatua fulani zilikuwa za kibinadamu mno na akadai aonyeshwe kumbukumbu za kompyuta. Tuhuma kubwa ya kwanza ya zama za kompyuta ilikuwa, basi, kwamba mashine imesaidiwa na mtu. Kilichonigusa zaidi katika kisa hicho ni kwamba Kasparov alikuwa amesalimu amri katika mchezo huo, na wachambuzi wakaeleza mara baada ya hapo kwamba huenda bado alikuwa na njia ya kuokoa sare. Imani kwamba mpinzani hawezi kukosea ilimfunga kabla ya kete kumfunga.

Miaka 9 baadaye, huko Elista nchini Urusi, Vladimir Kramnik alikuwa anaongoza kwa pointi 3 kwa 1 dhidi ya Veselin Topalov katika pambano la kuunganisha mataji ya ubingwa wa dunia, ndipo upande wa Topalov ulipolalamika rasmi kwamba Kramnik anakwenda chooni mara nyingi kupita kiasi, wakidokeza kwamba anadanganya huko. Waandaaji walifunga vyoo vya faragha vya wachezaji, Kramnik akagoma kucheza mchezo wa tano na akahesabiwa ameshindwa mchezo huo, na pambano likaponea chupuchupu kuvunjika. Hakuna udanganyifu wowote uliothibitishwa. Kramnik alishinda katika michezo ya mwisho ya kasi, na dunia ya sataranji kwa sehemu kubwa ilimwonea huruma kama mtu aliyetuhumiwa na upande uliokuwa unashindwa.

Kisha ikaja Septemba 2022. Magnus Carlsen, wakati huo bingwa wa dunia, alishindwa na kijana wa Marekani Hans Niemann katika Kombe la Sinquefield jijini St. Louis, akajitoa kwenye mashindano siku iliyofuata na kuweka mtandaoni video fupi ya kocha wa soka José Mourinho akisema kwamba akizungumza atajiingiza matatani. Hakumtaja mtu, lakini kila mtu alielewa. Wiki mbili baadaye, walipokutanishwa katika mashindano ya mtandaoni, Carlsen alisogeza kete moja na kujitoa. Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena akiwa na miaka 16, na ripoti ya Chess.com ya kurasa 72 ilisema kwamba michezo yenye dalili za udanganyifu wake mtandaoni ni zaidi ya 100. Kwa hiyo Carlsen hakuwa na shaka ya kubuni. Lakini ripoti hiyohiyo haikutoa ushahidi thabiti kwamba alidanganya katika michezo ya ana kwa ana, na walipopatana mwaka 2023, baada ya Niemann kufungua kesi ya kudai dola milioni 100, Carlsen mwenyewe alikubali kwamba hakuna ushahidi wa kuamua kuwa mchezo ule wa St. Louis ulichezwa kwa hila. Mwezi Desemba mwaka huo kamisheni ya maadili ya FIDE ilimtoza faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali, ikamwondolea mashtaka mengine.

Maoni yangu ni kwamba ubaya wa tukio hilo haukuwa katika kushuku bali katika kudokeza. Mtu mwenye jina kubwa kuliko wote katika mchezo huu alionyesha kwamba unaweza kumtuhumu mtu bila kutamka, ukawaachia mashabiki wako wakamilishe sentensi, na usiwajibike kwa neno lolote kwa kuwa hukulitamka. Mamilioni waliokuwa wamejiunga na sataranji wakati wa janga la Uviko-19 walikuwa wanatazama, na wengi wao somo la kwanza walilolipata juu ya kushindwa lilikuwa hilo.

Mwaka uliofuata, mnamo Novemba 2023, Kramnik yuleyule wa Elista alianza kuhoji hadharani matokeo ya Hikaru Nakamura, grandmasta wa Marekani aliyekuwa amekusanya pointi 45.5 katika michezo 46 ya kasi mtandaoni. Hapa hesabu kidogo inasaidia. Kwa kanuni ya Elo, mchezaji aliyemzidi mpinzani wake kwa pointi 400 anatarajiwa kupata takriban asilimia 91 ya pointi zinazogombewa. Tuchukue mfano wa mtu ambaye uwezekano wake wa kushinda kila mchezo ni huo: uwezekano wa kushinda michezo 46 mfululizo ni kama 1 kati ya 80. Inaonekana kidogo, lakini mtu aliyecheza makumi ya maelfu ya michezo amecheza mafungu mengi mno ya michezo 46, na mfululizo wa namna hiyo hautakuwa muujiza. Muujiza ungekuwa kukosekana kwake. Anayeuchagua mfululizo mmoja baada ya kuuona, kisha akauliza kuna uwezekano gani wa jambo hili kutokea, ameuliza swali lisilofaa. Chess.com ilieleza kwamba ilikwishakagua michezo ya Nakamura kwa kina na haikukuta udanganyifu. Hata hivyo, takwimu zilizokosewa zina nguvu ambayo matusi hayana: zinavaa vazi la elimu, na msomaji asiye na hesabu huona namba akadhani ameona ushahidi.

Kati ya waliohojiwa kwa njia hiyo alikuwamo Daniel Naroditsky, grandmasta wa Marekani na mwalimu ambaye masomo yake ya bure yamewafundisha sataranji watu wengi kuliko darasa lolote ninalolijua. Alikanusha, hakuwahi kupatikana na hatia, na katika matangazo yake ya mwisho alieleza jinsi tuhuma hizo zilivyomlemea. Alifariki mwezi Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Kifo chake si hoja ya kumtwika mtu lawama, na siitumii hivyo. Mwezi uliofuata uongozi wa FIDE uliwasilisha malalamiko rasmi mbele ya kamisheni yake ya maadili kuhusu kauli za Kramnik juu ya Naroditsky na juu ya David Navara wa Jamhuri ya Cheki. Kramnik anakana kufanya kosa. Ninachosema ni hiki: mtu anayetuhumiwa hadharani hana njia ya kujisafisha. Akishindwa, watasema ameacha kudanganya kwa kuogopa. Akishinda, watasema ameendelea. Kila mchezo mzuri anaoucheza baada ya hapo unageuzwa kuwa kielelezo dhidi yake, na kazi aliyoipenda tangu utotoni inakuwa kizimba.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, chini ya mwalimu Robert Katende, na mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk. Leo mtoto wa mazingira kama yale huanza kwa simu ya kuazima. Namba yake huwa ndogo kuliko uwezo wake, kwa sababu hana mashindano mengi ya kuipandisha na hucheza kwa vipindi, kisha siku akipata simu na mwalimu hupanda kwa kasi. Kwa mpinzani wa mbali aliyezoea kumwona mwenye namba ndogo kuwa dhaifu, kupanda huko kunafanana na udanganyifu. Mtoto huyo hana jina la kumtetea wala kocha wa kumwandikia barua, na neno "mwizi" likitua kwenye skrini yake kwa lugha ambayo anaisoma kwa shida, huenda akaamini kwamba mahali pale si pake.

Sheria za FIDE zinakataza kumsumbua au kumkera mpinzani kwa namna yoyote ile, na kanuni zake za kupambana na udanganyifu zinaihesabu tuhuma ambayo ni dhahiri haina msingi kuwa kosa linaloweza kuadhibiwa. Vyama vyetu vya sataranji na shule zinazoandaa mashindano ya mtandaoni havina sababu ya kusubiri zaidi ya hapo. Kanuni za mashindano zieleze mapema kitakachofanyika muunganisho ukikatika, ziweke muda ambao malalamiko ya udanganyifu yatapokelewa kwa maandishi na mtu anayejulikana, na zitamke kwamba anayemtuhumu mwenzake kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kuwasilisha malalamiko atapoteza pointi, hata kama malalamiko yenyewe yatakuja kuthibitika. Najua sharti hilo la mwisho litaonekana kali. Nalitetea kwa sababu kundi la watu 200 haliwezi kusahaulishwa lilichosoma, na aliyesingiziwa atabaki kundini humo muda mrefu baada ya matokeo kusahauliwa.

Kazi kubwa zaidi ni ya walimu, na haihitaji kanuni. Mwanafunzi anaposema kwamba mpinzani alikuwa anatumia kompyuta, mwalimu asimkaripie wala asimkubalie. Amwambie aufungue mchezo, waupitie pamoja tangu hatua ya kwanza, na watafute mahali ambapo mambo yalianza kuharibika. Mchezaji anayejifunza kwa kawaida atakuta kosa lake mwenyewe mapema, farasi aliyeachwa bila ulinzi au askari aliyesogezwa bila sababu, na atakuta pia kwamba mpinzani alikosea mara mbili tatu kama binadamu mwingine yeyote. Wasipokuta makosa hayo na shaka ikabaki, waripoti mchezo kwa wahusika, kisha mwanafunzi aanze mchezo unaofuata.